Ndunge Aliyeita Watu Ferini

Sogeeni karibu, nyinyi mliosimama kule kwa tangi la maji sogeeni, akina mama wa jikoni wekeni mwiko chini kidogo, muthokoi yetu ya mahindi na maharagwe haina miguu, haitakimbia, na vijana zimeni hizo simu, maana huyu tunayemzika leo alikuwa mtu wa kunyamazisha umati mzima kwa neno moja, na si vizuri siku yake mwenyewe tumshinde kwa kelele. Pasta, wazee wa ukoo, wakwe zangu wa Kalamba, na wageni wetu mliosafiri kutoka Mombasa, nawasalimu kwa jina la Bwana.

Mimi ni Mbithe, mjane wa Mwau, wa Ikutha, mama mzazi wa Ndunge. Nimeambiwa si desturi mama kusoma historia ya mtoto wake, na kweli hata kusoma sisomi, karatasi hii ameiandika mjukuu wangu Mumbua jinsi nilivyomwambia, naye amesimama kando yangu anishike nikiteleza, lakini mengi ya haya nilikuwepo, na yale ambayo sikuwepo niliambiwa na waliokuwepo, na wako hapa, mtawasikia wakikohoa nikikosea.

Ndunge Mwau alizaliwa tarehe 14 Aprili 1974, nyumbani kwetu kilimani, karibu na Ikutha, upande unaotazama mto Tiva, mto ambao miezi mingi ni mchanga mtupu tunaochimba visima ndani yake, halafu mvua ikinyesha mbali unakuja mara moja kama mtu aliyekasirika. Alikuwa mtoto wa kwanza, na alipotoka alilia mpaka mkunga akaziba masikio akasema, "Mbithe, huyu hakuja kukaa ndani ya nyumba, huyu amekuja kuita watu." Mwaka wa 1976 akafuatwa na ndugu yake Musyimi, mtoto wa kimya, na baada yao Mungu hakunipa mwingine.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1981 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka wa 1988, shule hiyo haikuwa na kengele, kwa hivyo mwalimu alimpandisha Ndunge juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya boma letu, akaita, na watoto wakaja kutoka vilima vyote, waliooga na wasiooga. Alipotoka shule akina mama wakamfanya mwitaji wa mwethya, yaani ile kazi yetu ya kusaidiana kuchimba matuta ya shamba, asubuhi anapanda lile jiwe, anaweka mikono mdomoni, anasema, "Uuuwi, wa ng'ambo, mnanisikia?" na ng'ambo ya bonde wanajibu, "Tunasikia!" ndipo anawaambia leo tuko shamba la nani na kila mtu abebe jembe au karai. Na kwetu anayesikia lazima ajibu, hata kama haji, hata kama mguu unauma, ajibu tu, kwa sababu mtu akiitwa akanyamaza tunaogopa, tunasema ama amekufa, ama ana jambo limemkaa moyoni.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1993 Musyimi, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, alivusha mafahali wetu wawili wa kulima kwenda kuwalisha upande wa pili wa mto, na jioni akiwarudisha, wakiwa katikati ya mchanga, mto ukaja ukawachukua wote wawili mbele ya macho yake. Hakurudi nyumbani. Marehemu mzee Mwau alipoambiwa alisimama mlangoni akasema, "Fahali hununuliwa, mtoto hanunuliwi, Ndunge panda jiwe umwite ndugu yako," na Ndunge akapanda, jioni ile na jioni zilizofuata, akaita mpaka sauti ikawa kama mchanga, bonde zima lilijibu isipokuwa yeye. Baadaye dereva mmoja wa lori la makaa akatuambia alimbeba kijana wa namna hiyo, hasemi kitu, akamshusha Mombasa.

Tulingoja barua, tukangoja mtu, hakuna. Mwezi wa Januari 1996 Ndunge akasema anakwenda, na babake akamwambia, "Nenda umtafute mwana wa mama yako, na usipompata, rudi na habari," nami nikampa kiondo changu cha katani nilichosuka mwenyewe, nikakijaza mbaazi kavu, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Alikuwa ameelekezwa kwa mtu wa ukoo wetu anayekaa Likoni, akaambiwa akishuka basi atembee mpaka kivukoni, avuke, aulize. Akafika, akaona maji yale mapana yakienda, na kwa kuwa alijua mto ukijaa mtu hukaa ukingoni angoje upungue, akaweka kiondo chini, akakikalia, akangoja.

Sasa Hamdi yuko hapo mbele, amekaa na akina mama, ndiye aliyekuwa akiuza chai penye mteremko wa kuingia feri, na ndiye aliyetusimulia hivi. Alimtazama huyu msichana tangu asubuhi, feri zinakuja, zinashusha watu, zinabeba, zinakwenda, yeye amekaa tu, mpaka Hamdi akashindwa akamwendea, "Wewe dada, feri zote hizo zinakuacha, unangoja nini?" Ndunge akamjibu kwa heshima, "Nangoja maji yapungue nivuke." Hamdi alicheka mpaka chupa ya chai ikamponyoka, akasema, "Haya hayapungui, wallahi! Hii ni bahari! Mimi nimekaa hapa nikingoja bei ya sukari ipungue, na hiyo nayo bado." Akamkalisha kwa benchi yake, akampa chai, wakawa dada kutoka saa hiyo.

Na pale kwenye benchi ndipo Ndunge aliuliza watu wengi namna hii wanatoka wapi, na Hamdi akamwambia, "Kila mtu wa ng'ambo anapita hapa, tajiri, mwizi, shehe, pasta, wauza samaki, wenda kazini, asiyepita leo atapita kesho, na asiyepita mzima atapitishwa kwa jeneza." Ndunge akaweka kikombe chini. Mlichunga mbuzi nyinyi, mnajua, mbuzi aliyepotea hafuatwi kichakani, anangojwa kisimani, kwa sababu atachelewa, lakini kiu itamleta. Akasema, "Basi nimefika." Akaenda akasalimu huyo mtu wa ukoo, akamwachia mbaazi, akarudi kivukoni na kiondo kitupu kutafuta kazi.

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo aliajiriwa kufagia sehemu ya kungojea feri, na Hamdi anasema hajawahi kuona mtu anafagia bila kutazama ufagio, maana macho yake yalikuwa usoni mwa watu. Akajifunza kazi yote ya mahali pale, akajua ni nani anatangulizwa, mama mjamzito, mtu wa kiti cha magurudumu, gari la wagonjwa, gari lenye maiti, akajua mikokoteni inaingia wakati gani na wauza samaki wanasimama wapi ili wasigombane na wenye nguo nyeupe. Mwaka wa 1999 aliyekuwa akitangaza kwa spika akashikwa na mafua, mkubwa wao akauliza nani ana sauti, na wafagiaji wote wakamwonyesha kidole Ndunge, akapewa maikrofoni siku hiyo, na hakuirudisha tena.

Siku ya kwanza aliomba ruhusa kuita jina la ndugu yake, mkubwa akamwambia, "Mama, spika ni ya abiria, si ya ukoo," naye hakubishana, sheria ni sheria, lakini hakuna aliyemkataza kusalimu. Kwa hivyo kila alipoanza tangazo alianza kama juu ya jiwe letu, "Uuuwi, wa ng'ambo, mnanisikia?" Mwanzoni watu wa pwani walicheka, wakasema mwanamke gani huyu anaita kama amepoteza ng'ombe, na hawakujua ni kweli amepoteza, halafu wakazoea, halafu wakapenda, na ikawa akiita umati wote unajibu, "Tunasikia!" ndipo anawaambia wangoje wanaoshuka washuke kwanza, watembee wasikimbie, washike watoto mkono. Wakamwita Mama Ng'ambo. Na mtoto akipotea hakusema mtoto amepotea, alisema, "Kuna mama mmoja amepotea, mtoto wake yuko hapa kwangu ametulia, anamngoja," na huyo mama alikuja mbio huku watu wanamcheka na yeye mwenyewe anacheka analia.

Hapo kivukoni ndipo alipompata mume, Kitheka huyu wa Kalamba, fundi wa mbao aliyekuja kutengeneza mabenchi ya abiria, na mabenchi yakaisha, fundi akaendelea kuvuka kwenda na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo, mpaka siku moja Ndunge akasema kwa spika, umati wote ukisikia, "Na wewe fundi mwenye kofia ya kijani, ukivuka tena leo utakuja kueleza unatafuta nini." Akaenda akaeleza. Walifunga ndoa takatifu tarehe 8 Desemba 2001, hapa hapa Kalamba, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mumbua aliyezaliwa 2003, na Mutisya aliyezaliwa 2007.

Mbuzi wa mahari walipofika Ikutha, mzee Mwau alimtenga jike mmoja mweupe, akamfunga peke yake, wazee wakamuuliza huyu ni wa nani, akasema, "Huyu ni wa Musyimi." Wakatazamana. Akasema tena, "Akizaa ni wake, na watoto wake wakizaa ni wake, mtu asimguse." Na hatukumgusa, hata ule mwaka wa njaa.

Wenzake waliofika hapa watanisaidia kwa hili la mwaka wa 2006, mwezi wa Novemba, jioni, mvua kubwa ilishuka wakati watu wanarudi makwao, na kila mtu akataka kukimbia mteremkoni apate paa la feri, nyuma wanasukuma, mbele ni maji, watoto wako katikati. Ndunge akachukua maikrofoni, akaita mwito wake, wakajibu nusu nusu, akaita tena, wakajibu, akasema, "Kaeni chini." Watu wakadhani wamesikia vibaya. Akasema, "Kaeni chini nyote, kwetu mvua ikikukuta shambani unakaa juu ya jembe, haukimbii, wewe mwenye tai kaa, wewe shehe naomba ukae, mama mwenye samaki kalia samaki wako." Na watu wakakaa, wakubwa kwa wadogo, kwenye maji, wakalowa, mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, na mvua ilipopungua wakaamka mstari kwa mstari alivyowaita, wakavuka, hakuna aliyekanyagwa hata kidole. Nilipoambiwa nilijua ni yule yule wa juu ya jiwe.

Lakini mimi nilijua pia kitu wengine hawakujua, kwamba kila alipopiga simu nyumbani babake aliuliza neno moja tu, "Amejibu?" naye akasema, "Bado, nau," yaani baba, na mzee akasema, "Ita."

Mzee Mwau aliaga dunia Alhamisi tarehe 5 Agosti 2010, bila kusikia jibu hilo, na Ndunge akaja nyumbani kumzika babake. Kule kivukoni wakamweka kijana mwingine kwa spika, kijana mzuri, lakini alisoma matangazo tu, hakuita, na watu walivuka kimya kimya. Siku ya tatu, anasema Hamdi, akaja mtu mmoja anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, ambaye Hamdi alikuwa akimwona miaka mingi akipita na hajawahi kumsikia akisema, akasimama mbele ya chai akauliza, "Yule mama anayeita yuko wapi?" Hamdi akamwambia amekwenda kuzika. "Kumzika nani?" "Babake, mzee Mwau wa Ikutha." Yule mtu akaachilia mkokoteni, mitungi ikabingirika mteremkoni mpaka kwa maji, watu wanapiga kelele, "Mzee, mali yako!" na yeye hageuki, amesimama tu anamtazama Hamdi, akasema, "Na mimi ni wa huyo mzee." Hamdi akaacha chai yake kwa jirani, akamshika mkono kama mtoto, akampeleka mpaka kwa basi.

Aliuliza njia mara nyingi, akashinda kwa watu, akageuka kurudi, kisha akaendelea, kwa hivyo alifika Jumamosi tarehe 14 Agosti, siku ya mazishi yenyewe. Marehemu mzee Nzuki, shemeji yangu, alikuwa anasoma historia kama hii ninayosimulia sasa, amefika pale pa watoto, akasema, "Ameacha watoto wawili, Ndunge, na Musyimi ambaye hatujui aliko," na Ndunge akainuka kutoka turubaini, hakuomba ruhusa kwa mtu, akapanda lile jiwe, akaita, "Uuuwi, wa ng'ambo, mnanisikia?" Sisi tuliokuwa matangani tulidhani ni kilio. Na kutoka njiani, chini kule penye mnyaa, sauti moja ya mwanamume ikajibu, "Nasikia."

Ndunge hakukimbia, alikaa chini juu ya jiwe. Mimi ndiye nilikimbia, na umri huu.

Tulipomzika mzee nikamkalisha Musyimi nikamuuliza, "Mwanangu, hukusikia ukiitwa?" Akasema, "Nilisikia, mwaitu, mama yangu, hata zile jioni za kwanza nilikuwa kichakani nasikia, lakini ningerudi na nini, mkono mtupu, mafahali wa baba wamekwenda?" Na Mombasa je? Akasema alisikia siku ile ile ya kwanza ya spika, mwaka wa 1999, na tangu hapo alipeleka maji yake kwa wateja wa kisiwani hata siku zisizo na faida, avuke tu asikie, uso ameuinamisha nyuma ya mitungi asionekane. Ndunge akasema, "Mwana wa mwaitu, miaka yote hiyo ulininyamazia?" Naye akasema, "Sikunyamaza, nilijibu kila siku, nilijibu pamoja na watu, sauti yangu nikaificha ndani ya zao." Ndunge alichukua kiondo akampiga nacho, akampiga tena, halafu akamshika shingoni wakalia wote wawili. Na walipokwisha kulia nikamwonyesha Musyimi mbuzi zake, boma zima jeupe, alizowekewa na babake, nikamwambia, "Mkono wako haukuwa mtupu, ulikuwa ukijaa huku nyumbani."

Alirudi Mombasa na dada yake, na kutoka mwaka huo, wenzake watasema, Mama Ng'ambo akiita umati unajibu, "Tunasikia!" halafu mtu mmoja anachelewa kidogo makusudi, anajibu peke yake kwa nguvu, "Nasikia!" na kivuko kizima kinacheka bila kujua kwa nini.

Mwaka wa 2021 Ndunge alianza kuugua kisukari, baadaye kikashika figo, akastaafu mwezi wa Desemba 2022, akarudi hapa Kalamba kwa mumewe, akawa anapelekwa hospitali ya mji wa Wote kusafishwa damu, na Musyimi akahama Mombasa akaja kukaa karibu naye, ndiye aliyempeleka na kumrudisha, bila kuchoka. Sauti ilipungua siku hizo za mwisho, ukitaka kumsikia unainama. Jioni ya mwisho aliamka akamuuliza ndugu yake, "Wamevuka wote?" Musyimi akamwambia, "Wamevuka, mwana wa mwaitu, hakuna aliyebaki," naye akasema, "Basi funga lango." Alipumzika Jumanne tarehe 4 Machi 2025, kabla ya jua kutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wote waliomwita mama hata alipokuwa mkali, majirani wa Kalamba mliochota maji na kupasua kuni bila kuitwa mara mbili, kanisa kwa maombi na nyimbo, wafanyakazi wenzake wa kivukoni mliosafiri usiku na bado mkasimama kubeba jeneza, na Hamdi, ambaye dini yake na yetu hazikuzuia kitu, dada wa binti yangu, kwa chai ile ya kwanza Mungu akulipe.

Na ili baadaye mtu asiulize, aliyoacha amegawa mwenyewe akiwa na akili zake. Shamba la matuta na nyumba ni vya Kitheka na Mutisya. Mumbua ameachiwa kile kipaza sauti cha mkononi alichopewa na wenzake akistaafu, asikitumie kwa kelele. Hamdi ameachiwa benchi ambalo Kitheka alilitengeneza wakati akijifanya ana kazi. Musyimi hakuachiwa kitu cha kushika, mbuzi anazo, ameachiwa mwito, na mlimsikia wiki hii juu ya kilima hiki akiwaita mje, ndiyo sababu mko hapa, yule aliyekuwa hajibu ndiye sasa atakayeita.

Na mimi mamake nimerudishiwa kiondo changu, kimeisha mshipi, kimekaa umbo la mtu aliyekikalia. Nitakiweka ukingoni, nitakikalia kama ulivyokikalia wewe, mwanangu, nitangoja maji yapungue nivuke, na usiku ukifika utanisikia nikikuita kutoka upande huu. Pumzika kwa amani, Ndunge.